Pakiti Imekwama Wapi? Ushauri kwa Wanaoanza Somo la Mitandao ya Kompyuta

Wengi wenu mtafunguliwa somo hili kwa mchoro wa tabaka 7 za OSI, yaani mfano unaogawa kazi za mtandao katika ngazi, nanyi mtaukariri. Ukaririni, kwa sababu mtihani utauliza. Hata hivyo, kwa miaka niliyofunga nyaya katika ofisi za hapa Mombasa na kusimamia maabara ya wanafunzi, nimewaona wengi wanaozitaja tabaka zote 7 kwa mpangilio na bado wakasimama mbele ya swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, bila kujua pa kuanzia. Kinachowapungukia ni swali dogo: pakiti, yaani kipande cha ujumbe, imefika wapi, na imekwama wapi?

Mgeni anayeshuka Ngome Kongwe (Fort Jesus) akitafuta nyumba fulani ndani ya Mji wa Kale hapewi ramani. Humuuliza muuza kahawa, naye humwonyesha kichochoro cha kuingia. Mbele humuuliza mwingine, akaelekezwa msikiti wa kupinda, mpaka afikie mtu anayeijua nyumba yenyewe. Katika wote aliowauliza, huenda hakuna aliyeijua njia nzima. Ruta, kifaa kinachopitisha pakiti kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, nayo hufanya hivyo hivyo: husoma anwani ya mwisho wa safari, yaani namba ya kompyuta inayopelekewa, iliyoandikwa kwenye pakiti, huilinganisha na jedwali lake la njia, kisha huikabidhi pakiti kwa jirani anayefaa na kuisahau. Ujumbe mmoja hukatwakatwa kuwa pakiti nyingi. Kwenye nyaya za kawaida za ofisi pakiti moja huchukua hadi baiti 1,500, kwa hiyo picha ya megabaiti 3 husafiri katika pakiti zaidi ya 2,000, na zinaweza kupita njia tofauti na kufika bila mpangilio. Kuzipanga upya na kudai zilizopotea ni kazi ya itifaki (kanuni za mawasiliano) iitwayo TCP, inayofanyika kwenye kompyuta mbili za mwisho na si kwenye ruta za katikati. Jambo hilo mlielewe mapema, kwani maswali mengi ya mwaka wa pili yanatoka hapo.

Anwani ndizo zilizoniadhibu mimi. Niliwahi kuitwa katika ofisi moja ya uwakala wa forodha ambako nusu ya kompyuta zilikuwa na intaneti na nusu hazikuwa nayo. Nilipoteza asubuhi nzima nikilaumu kampuni iliyowauzia huduma, na hata nikapiga simu kwa ukali ambao naujutia, kabla sijafanya jambo la kwanza nililopaswa kufanya, yaani kusoma anwani ya kila kompyuta. Zilizofanya kazi zilikuwa na anwani zinazoanza na 10, na zilizokwama zilianza na 192.168. Karani mmoja alikuwa ameleta ruta ndogo ya nyumbani ili apate Wi-Fi mezani pake, akaichomeka vibaya, nayo ikaanza kugawa anwani zake kwa kila kompyuta iliyoomba. Tulipoichomoa na kuziwasha upya kompyuta zilizokwama, zote zilirudi. Mkikuta anwani inayoanza na 169.254, fahamuni kuwa kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe.

Jambo jingine linalochanganya wanafunzi ni upana wa njia na muda wa safari. Feri kubwa zaidi ikiletwa Likoni itavusha watu wengi zaidi kwa mkupuo mmoja, lakini mtu aliyekwisha kupanda hatafika ng'ambo mapema kwa sababu hiyo. Kabla ya mwaka 2009, mawasiliano mengi ya intaneti kati ya Kenya na ng'ambo yalipitia setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lilipanda na kushuka, jibu likapanda na kushuka, na safari hizo peke yake zilikula karibu nusu sekunde, hata kama ulilipia njia pana kiasi gani. Mwaka huo kebo za baharini za SEACOM na TEAMS, zenye nyuzi za kioo zinazobeba mwanga, zilitua Mombasa. Mwanga ndani ya kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kebo ya TEAMS, yenye urefu wa kilomita zipatazo 5,000 hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, huvukwa kwa takriban milisekunde 25. Kebo nayo ina udhaifu wake: Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na bandari yetu.

Mnapoitwa penye tatizo, anzeni karibu. Tazameni kama taa ya tundu la swichi inawaka, kisha chomoeni plagi mkague meno yake, kwa maana hewa ya chumvi ya pwani hula shaba na kuiachia ukungu wa kijani ambao vitabu vilivyoandikwa kwingine havina haja ya kuutaja. Someni anwani. Tumieni amri ya ping, inayotuma ujumbe mdogo na kungoja jibu, kuiita ruta ya ofisi. Ikijibu, iteni anwani ya nje kwa namba, mathalani 8.8.8.8. Mwisho iteni tovuti kwa jina. Namba ikijibu na jina lisipopatikana, njia ni nzima na nyaya hazina kosa. Kinachotafutwa ni seva ya majina, yaani kompyuta inayogeuza jina la tovuti kuwa namba.