Maswali ya Wasomaji: Chuo Chetu Kiko Juu ya Duka, Je, Diploma Yangu Itatambuliwa?

SWALI: Mwalimu mpendwa, pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mimi ni msichana wa miaka 20, na nasomea diploma ya upishi katika chuo cha kibinafsi hapa mjini. Chuo chetu kimekodi orofa ya pili juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Darasani tuko 11, na jikoni mna majiko mawili ya gesi na oveni moja ambayo mlango wake haufungi mpaka uegemezewe kiti. Mhadhiri wetu ananijua kwa jina, anajua kwamba mama huuza omena Kibuye, na nisipofika kufikia saa tatu asubuhi hunipigia simu. Sina lalamiko juu yake hata kidogo. Lakini wenzangu wa sekondari, ambao sasa wako vyuo vikuu vya Maseno na Moi, hunicheka wakisema niko “chuo cha ngazini” na kwamba hakuna mwajiri atakayeijali karatasi yangu. Hatuna maktaba, hatuna uwanja, wala hatuna chama cha wanafunzi. Mama amekwisha kulipa karo ya mihula miwili, na si kwa urahisi. Je, niendelee, au niache nihamie chuo cha umma?
Msomaji, Manyatta, Kisumu

JIBU: Binti yangu, wenzako wameyachanganya mambo mawili, nawe umeanza kuyachanganya pamoja nao. Udogo wa chuo ni jambo moja, na kutambuliwa kwake ni jingine kabisa. Nchini Kenya kuna vyuo vidogo vyenye kila kibali na vyuo vyenye mageti makubwa ambavyo havina.

Anza na leseni. Tangu Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka 2013, chuo cha aina yenu, kiwe cha umma au cha kibinafsi, hakiruhusiwi kufundisha kabla ya kusajiliwa na kupewa leseni na mamlaka iitwayo TVETA. Nenda ofisini kwa adabu, uombe kuiona leseni hiyo, na uisome kwa makini badala ya kuitupia jicho ukutani: jina lililoandikwa ni la chuo chenu hasa, muda wake haujakwisha, na kozi yako imo miongoni mwa zile zilizoidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na idhini halali ya kufundisha kompyuta au ususi na bado kisiwe na idhini ya upishi. Kisha linganisha ulichokiona na orodha ambayo mamlaka yenyewe huitoa mtandaoni. Mkuu wa chuo mwenye karatasi safi hatakasirika kuulizwa. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni nani atakayekutahini. Cheti chenye uzito katika fani yako hakitoki kwa mkuu wa chuo. Hutoka kwa Baraza la Mitihani la Kitaifa, yaani KNEC, au kwa TVET CDACC, baraza linalosimamia mafunzo ya umahiri, yaani yale yanayompima mwanafunzi kwa kazi anayoweza kuifanya, ambayo vyuo vingi vimeyahamia. Mwanafunzi wa orofa ya pili Kisumu na mwanafunzi wa chuo cha kitaifa chenye ekari kadhaa hutathminiwa na baraza lilelile kwa kipimo kilekile. Ukiambiwa kwamba chuo hutunga mitihani yake na kutoa diploma yake chenyewe, hapo ndipo ningekushauri ufungashe virago wiki hiyohiyo. Dalili nyingine ni masharti ya kujiunga: diploma, ambayo ni kiwango cha 6, kwa kawaida huhitaji alama ya C- katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na chuo kinachompokea mwenye D katika kozi ya diploma bila kumpitisha kwanza katika kozi ya cheti kinamdanganya.

Ikiwa mko chini ya CDACC, uliza pia tathmini ya vitendo itafanyiwa wapi, kwa kuwa si kila chuo kimesajiliwa kuwa kituo cha tathmini, na vingine huwapeleka wanafunzi wao kwingine. Chini ya utaratibu huo utadaiwa jalada la ushahidi wa kazi zako: picha za vyakula ulivyopika, mapishi uliyoyaandika kwa vipimo, na maoni ya msimamizi wako hotelini. Lianze sasa. Nimewaona wanafunzi wakikimbizana na picha za mikate iliyokwisha kuliwa zamani.

Sasa nije jikoni kwenu. Watu 11 kwa majiko mawili maana yake ni watu watano au sita kwa kila jiko, na kila mmoja ataushika mwiko. Katika darasa kubwa, mwanafunzi mwoga anaweza kumaliza muhula mzima akiutazama mgongo wa mwenzake wakati mchuzi ukikorogwa mbele. Kwa fani ya upishi mimi ningechagua jiko lenu, pamoja na kasoro zake. Hata hivyo oveni hiyo siitetei. Mlango usiofunga hutoa joto nje, mkate huiva upande mmoja na keki hudidimia katikati, nawe utadhani kosa ni lako. Andikeni barua kwa mkuu wa chuo, nyote 11 mtie sahihi, mkitaja vipindi vya uokaji ambavyo vimeharibika. Na wakati wa mafunzo ya nyanjani utafute hoteli inayooka mikate yake yenyewe. Mwombe mhadhiri wako barua mapema, kabla wanafunzi wa vyuo vikubwa hawajajaa kwenye hoteli za kuelekea Dunga.

Kuhusu kuhama, chuo cha umma kama Kisumu National Polytechnic kina jambo moja ambalo chuo chako hakiwezi kukupa, nalo ni fedha. Mikopo ya HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, kwa wanafunzi wa vyuo vya kiufundi huwalenga walio katika vyuo vya umma, na nafasi za vyuo hivyo huombwa kupitia KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo. Iwapo mama ameelemewa kiasi cha kukopa ili akulipie, hiyo ni sababu nzuri ya kuhama, tena nzuri kuliko kicheko cha marafiki. Kabla ya kuondoka, uliza kwa maandishi ni vitengo vipi ulivyovimaliza ambavyo chuo kipya kitavikubali, kwa sababu chuo kinachokupokea ndicho kitakachoamua. Ikiwa karo inalipika, leseni ipo na mtahini ni baraza la taifa, baki. Vitabu utavipata katika maktaba ya umma mjini.

SWALI: Mwalimu, mwanangu amepata nafasi ya kusomea teknolojia ya famasia katika chuo kidogo cha kibinafsi. Wananiahidi punguzo la asilimia 10 nikilipa karo ya mwaka mzima kabla ya mwisho wa mwezi. Nilipe?
Mzazi, Lanet, Nakuru

JIBU: Mzee, usilipe bado. Kwa kozi za afya, leseni ya TVETA pekee haitoshi. Chuo cha famasia ni lazima kiwe kimeidhinishwa na Bodi ya Famasia na Sumu, kwa kuwa bodi hiyo ndiyo inayowasajili wanaohitimu, na mhitimu asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Wauguzi nao wana baraza lao, na maafisa wa kliniki vilevile. Thibitisha jina la chuo na la kozi kwa bodi yenyewe, usitegemee nakala utakayoonyeshwa na chuo. Ukisharidhika, lipa muhula mmoja kupitia akaunti ya benki iliyo kwa jina la chuo, wala si kwa nambari ya simu ya mtu, na udai masharti ya kurejeshewa karo yakiwa yameandikwa. Punguzo liache lipite.