Mtazame yule wa mwisho kwenye foleni

Mwanangu mpendwa,

Huku Morogoro hatujambo, mvua zimekubali na mahindi yanapendeza. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na zile video tatu nimezirudia mpaka bando likaisha. Umeniuliza mume wangu mdogo, huyo mjukuu wangu, apelekwe kituo kipi cha mpira: kile cha Masaki chenye nyasi bandia, kile cha Mbezi Beach kinachovaa nembo ya klabu ya Ulaya, au hicho cha jirani yenu Segerea kinachotumia kiwanja cha shule. Ukaongeza, kwa sauti ya mtu aliyeanza kuhesabu fedha ambazo hazijaingia, kama miaka saba si tumeshachelewa.

Hamjachelewa. Samatta, yule mshambuliaji wetu, alikulia Mbagala, akapita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011 na Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, na sijawahi kusikia mtu akimuuliza alipangiwa koni akiwa na miaka mingapi. Wala simtaji ili uanze kumpigia mume wangu hesabu za Samatta. Mtoto wa miaka saba anahitaji kugusa mpira mara nyingi, na kesho yake atake kurudi. Basi.

Najua mkeo atacheka kwamba mama ni wa netiboli, soka kalijulia wapi. Mwambie nimekuwa mwalimu wa michezo shule ya msingi tangu wewe hujazaliwa, na timu za UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, nimezisindikiza wavulana kwa wasichana, tukilala madarasani, nikiwagawia uji na kuwafunga vidonda. Anayewafunga watoto vidonda huyajua mengi ambayo kocha wa pembeni ya mstari hayajui. Anajua nani amelia usiku na kwa nini.

Sasa tuje kwenye video. Wewe ulizitazama kama mzazi, macho yako yakawafuata wale wapiga danadana. Mimi nilimtafuta mtoto asiyejua mpira. Yule hodari atakuwa hodari popote, hata ukimwacha mtaani na mpira wa soksi. Hawezi kukuonyesha kama kocha anafundisha au anapiga picha tu. Mtoto mzito, mwoga, anayekimbia akishikilia bukta, ndiye anayekuonyesha. Kila kituo utakachokwenda, mtafute huyo kwanza, umtazame dakika kumi. Amegusa mpira mara ngapi? Kocha anamwita kwa jina au "we dogo"? Akikosea, wenzake wanacheka, na wakicheka, kocha yuko upande gani?

Tena usidhani namzungumzia mtoto wa mwenzio. Mume wangu kazaliwa Novemba. Wakigawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa atapangwa na waliozaliwa Januari, wenzake waliomtangulia miezi kumi. Kwa mtu wa umri wako miezi kumi si kitu. Kwa wa miaka saba ni zaidi ya sehemu ya kumi ya maisha yake yote, na utaiona kwenye miguu, kwenye pumzi, kwenye kuelewa maelekezo. Makocha wengi humwona wa Januari wakadhani wameona kipaji. Wa Novemba akikaa benchi miaka miwili anaamini kweli hana kitu, anaacha.

Ya Mbezi Beach nimeifuta, na nakwambia ilinichukua dakika mbili kuifuta. Jezi safi, soksi za kufanana, bango kubwa nyuma, mpiga picha anazunguka. Halafu kijana mmoja anakosa penalti, kocha anamwamuru apige pushapu mbele ya wenzake, nao wanahesabu kwa sauti huku wanacheka. Mtoto wa kimo kile! Ile nembo haiwezi kunifanya nisione hilo. Na ukitaka kujua nembo ina uhusiano gani na klabu yenyewe, uliza swali moja tu: nani wa huko anakuja kuwafundisha, na lini alikuja mara ya mwisho.

Halafu ile fomu yao uliyoipiga picha. Wanataka usaini kwamba mtoto hatahamia kituo kingine bila idhini yao, na chini wameandika habari za majaribio Ulaya. Mwanangu, kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhama kwa mambo yao yasiyohusu mpira. Hata ile fidia ya mafunzo ambayo klabu hulipana huanza kuhesabiwa mwaka ambao mtoto anatimiza 12. Kwa hiyo anayekuuzia Ulaya ya mtoto wa darasa la pili anakuuzia hewa. Usisaini. Na cheti chake cha kuzaliwa kibaki kabatini, wakitaka wape nakala.

Masaki wapewe haki yao, maana wanajua wanachokifanya. Wamegawa uwanja vipande vipande, watoto wanne kwa wanne, magoli madogo, mpira mdogo wa saizi tatu. Hakuna foleni mbele ya koni, na hata kale kasichana kenye miwani kamegusa mpira mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Uingereza nao hawawachezeshi watoto kumi na moja kwa kumi na moja kabla hawajatimiza miaka 12. Wadogo kabisa hucheza watano kwa watano au hata pungufu, wakipanda wanakuwa saba, kisha tisa. Ubelgiji, huko alikokwenda Samatta, waliposuka upya soka lao la vijana walifanya vivyo hivyo, na wakafuta msimamo wa ligi kwa wa chini ya miaka 7 na 8, ili kocha asipate sababu ya kumficha asiyejua. Ndio hao hao waliotoa kina De Bruyne na Courtois, wote wawili waliopitia kituo cha Genk.

Sababu ya kuwachezesha wachache kwenye uwanja mdogo wala haihitaji leseni ya ukocha. Goli la wakubwa lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Msimamishe kipa wa miaka saba pale, aruke atakavyo, mtambaapanya hataugusa. Kwenye uwanja mzima mwenye mbio anauchukua mpira, wengine wanamfuata kundi kama nyuki, na wa nyuma kabisa anasimama anachezea nyasi. Hapo ndipo Segerea walipokosea. Nimehesabu watoto karibu thelathini na mipira mitatu, foleni mbili ndefu za kupiga golini, kila mmoja anagusa mara moja kisha anazunguka kwenda mkiani. Mle kwenye foleni wanapigana makofi, kwa kuwa hawana kazi nyingine.

Lakini rudia ile video mwishoni, kabla haijakatika. Yule mwenye bukta inayomshuka anafika zamu yake, anaukosa mpira, anaanguka. Kocha anachuchumaa, anamfunga kamba ya bukta, anamwambia neno sikioni, anauweka mpira palepale. Mtoto anapiga tena. Mpira unakwenda nje mbali kabisa, na yeye anarudi kwenye foleni anacheka. Mwalimu wa namna hiyo unaweza kumwelekeza kupanga mazoezi akajua baada ya wiki. Wa Mbezi na pushapu zake, huyo ungeanzia wapi?

Kwa hiyo mimi nasema Segerea, kwa masharti. Nenda kwa kocha kwa heshima, usiende kama tajiri wa timu. Muulize kama mtakubaliana na wazazi wenzio mnunue mipira kadhaa ya saizi tatu na koni, ili agawe kile kiwanja vipande vinne. Miti miwili inatosha kuwa goli. Muulize pia habari za vijeba, wale waliopita umri. Kwenye video wamo wavulana wawili waliokwisha kuvunja sauti, na wanacheza na hawa wa darasa la pili. Hao watamvunja mtoto mguu bila hata kukusudia. Najua vijeba ni ugonjwa wetu wa siku nyingi; huko UMITASHUMTA nimeona "mtoto wa darasa la sita" mwenye ndevu. Hata mataifa yanaponzwa. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walikwenda Gabon kwenye mashindano ya Afrika mwaka 2017 kwa kuwa Kongo Brazzaville waliondolewa, baada ya mchezaji wao aliyetiliwa shaka umri kutofika kwenye kipimo. Tulishangilia, sawa, ila na sisi vijeba wetu tunawajua. Kocha akikataa kuwatenganisha, hapo usibishane naye, mpeleke Masaki siku ya Jumamosi peke yake.

Nasema Jumamosi kwa kuwa Segerea hadi Masaki jioni ya siku ya kazi nimeipanda mwenyewe. Mtoto atoke shule, alale kwenye gari barabara ya Mandela nzima, acheze saa moja, arudi usiku na daftari halijafunguliwa. Mkeo atalalamika na atakuwa na haki. Kituo cha jirani kina faida nyingine: anakwenda na wenzake wa mtaani, na wakirudi wanaendelea na chandimu, mpira wao wa mtaani, mpaka muadhini aadhini. Usimkataze chandimu. Tobo la kupitisha mpira miguuni mwa mtu na kanzu ya kumvusha kichwani havifundishwi kwa filimbi.

Yako mambo ambayo sitaki majadiliano. Mzazi aruhusiwe kukaa na kutazama mazoezi siku yoyote, bila kuomba kwanza. Kituo kinachosema wazazi wasubiri nje ya geti, ondoka na mtoto wako. Kocha asimpakie mtoto peke yake kwenye bodaboda yake, asimpigie simu kwa siri, asimpe zawadi ambazo nyumbani hamzijui. Uliza mtoto akitaka kwenda chooni anakwenda na nani. Kama hawana jibu, maana yake hawajawahi kulifikiria. Maji yawepo, na mazoezi yasianze saa nane na jua la Dar; nyasi bandia zenyewe huunguza nyayo kwenye jua hilo, usidhani ni zulia.

Na kupiga kichwa bado. Marekani waliwakataza wa miaka kumi kushuka chini tangu mwaka 2015, na Uingereza mwaka 2020 walielekeza watoto wa shule za msingi wasifundishwe kupiga vichwa mazoezini. Mwambie kocha kwa utani, ataelewa.

Leseni muulize, si vibaya, wapo wenye leseni D ya CAF, shirikisho la soka Afrika, mpaka kwenye viwanja vya vumbi. Ila karatasi haimfungi mtoto kamba ya bukta.

Ada usiishie kwenye ile ya mwezi. Omba wakutajie yote ya mwaka: usajili, jezi, mashindano, nauli, "mchango wa sherehe". Masaki walikutajia ya mwezi tu, nimesikia kwenye sauti yako ulivyofurahi mapema.

Wewe nawe ukikaa pembeni, funga mdomo. Nakujua. Kwenye video ya Segerea nimesikia mtu anapiga kelele "rudi nyuma, rudi nyuma!", na ile sauti nimeilea mimi. Mtoto hawezi kumsikiliza kocha na baba kwa wakati mmoja, atachagua baba, kisha atacheza akigeuka geuka kukutazama usoni. Mkiwa njiani kurudi, usimuulize kafunga mangapi. Akitaka kusimulia atasimulia mwenyewe, na asipotaka mnunulie muwa.

Viatu vya njumu ndefu usinunue, uwanja wa shule ni mgumu kama sakafu. Raba za kawaida zinatosha mpaka aoneshe kuvutiwa. Miezi mitatu ya kwanza ada natuma mimi kwenye simu yako, usimwambie dada yako. Jezi utanunua wewe, lakini ukimvisha ya Yanga mume wangu, hiyo pesa naomba uirudishe.

Msalimie mkeo.

Mama yako