Kiyoyozi cha chumba cha mita 4 kwa 4
Ndugu, umeuliza kama chumba chako cha kulala cha mita 4 kwa 4, hapo Mbezi Beach, kinahitaji kiyoyozi cha BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) kama fundi alivyokushauri. Kwa maoni yangu hicho ni kikubwa mno, ingawa namwelewa fundi, kwani hulaumiwa akifunga kidogo, si kikubwa. Kiyoyozi kilichozidi chumba hupoza hewa upesi na kuzima kabla hakijaondoa unyevu wa kutosha, nawe ukabaki na shuka zenye ubaridi wa majimaji. BTU 9,000 zinatosha ikiwa chumba kina kivuli. Chukua 12,000 ikiwa dirisha linapigwa na jua la alasiri au dari iko karibu na bati. Uliza pia kama mashine ya nje imekingwa dhidi ya chumvi ya bahari.