Siku nne Mafia: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Uliyeuliza kama siku nne za Novemba zinatosha kuzamia Ghuba ya Chole na kuona papa potwe: zinatosha. Kusi imeshakatika, kaskazi haijashika, na potwe wapo. Kilichobaki ni mwezi wa angani, na hapo ndipo wageni wengi hukosea.

Ghuba ile hujaa na kupwa kupitia milango ya mwambani, ule wa Kinasi ukiwa maarufu kwa wazamiaji. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, mwezi mwandamo au mpevu, maji hujaa kama saa 10 alfajiri na kupwa kama saa 4 asubuhi. Boti ikitoka saa 2 inakuta maji yanatoka kwa kasi, yamebeba tope la mikoko; huoni mbali, na mkondo unakusukuma bahari kuu. Maji mafu, yaani yakijaa na kupwa kidogo, mwezi ukiwa nusu, saa zinageuka: yanajaa taratibu mpaka kama saa 4 asubuhi, yakileta maji meupe ya nje. Ingia nusu saa hivi kabla hayajasimama. Bamvua ikikubana, omba mzamie alasiri, maji yakiwa yanajaa tena.

Kushuka, zibua masikio kila mita moja, kabla hayajauma. Yakigoma, panda mita moja ujaribu tena. Kulazimisha ndiko kunakopasua ngoma ya sikio. Kupanda, simama mita 5 kwa dakika 3.

Potwe wako upande wa pili, Kilindoni, takriban kilomita 15 kutoka Utende, kijiji kilicho kando ya Ghuba ya Chole. Huhitaji mtungi wa hewa: miwani, mrija na mapezi tu. Wanafuata uduvi karibu na uso wa maji, kwa hiyo usitegemee maji ya kioo. Teremka kimya, usijirushe. Kaa mita 3 pembeni yake, mkia uukwepe zaidi, na usimguse.

Mpangilio: zamia siku ya 1 na ya 2, potwe siku ya 3, ya 4 iwe akiba wasipoonekana. Hivyo unapata pia zile saa 18 za kukaa bila kuzamia kabla ya ndege, hata hizi ndogo za kwenda Dar. Ukirudi kwa boti ya Nyamisati, bandari ya bara, sharti hilo halikuhusu mpaka utakapopanda ndege.

Jioni moja vuka kisiwani Chole kabla ya magharibi. Popo wa pale ni wakubwa, jamaa wa wale wa Komoro, na huruka kwa makundi giza likianza kuingia.