Mfanyakazi ameondoka: je, akaunti yake ifutwe?

SWALI: Bwana Mhariri, nina ofisi ndogo ya kuchapa na kupiga fotokopi huku Kadutu, Bukavu. Kompyuta ni moja, Windows yake ni ya Kifaransa, toleo la Famille. Kijana aliyekuwa na akaunti yake ameacha kazi; mimi, karani wangu na mwanafunzi anayejifunza kazi tunaingia kwa akaunti moja. Je, nifute akaunti ya kijana huyo? Na nifanyeje ili folda ya wateja ifunguliwe na mimi na karani tu? Nilishauriwa nifungue lusrmgr.msc, chombo cha Windows cha kusimamia watumiaji na makundi, lakini inakataa. (Mama wa Kadutu)

JIBU: Mama, usiifute, ifunge tu. Windows haimtambui mtu kwa jina, bali kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, ambayo kila akaunti hupewa siku inapoundwa. Ukiifuta akaunti, kisha ukaiunda tena kwa jina lile lile, itapata namba mpya, na haki zote za zamani hazitaifuata. Ukiangalia usalama wa folda alizopewa kijana huyo, utakuta maneno « Compte inconnu », yaani akaunti isiyojulikana, na namba isiyo na mwenyewe. Tena, ukiiondoa kupitia « Paramètres », kitufe unachobonyeza huitwa « Supprimer le compte et les données », yaani nyaraka zake nazo zinakwenda, pengine pamoja na kazi za wateja wako.

Kuhusu lusrmgr.msc, mashine yako haina kosa: chombo hicho hakitumiki katika toleo la Famille, kinatumika katika Professionnel na matoleo ya juu yake. Amri za kuandika zinatosha. Tafuta cmd, yaani dirisha la kuandikia amri, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua « Exécuter en tant qu'administrateur », kisha andika net user, ukifuatisha jina la akaunti ya kijana na /active:no. Hataingia tena, na nyaraka zake zitabaki.

Ile akaunti mnayochangia iwe ya usimamizi, mikononi mwako peke yako, na neno lake la siri ulibadilishe leo hii, kwa kuwa wengine wanalijua. Kwa kazi za kila siku, mfungulie kila mtu akaunti ya kawaida, wewe ukiwemo. Kwa karani utaandika net user karani * /add. Ile nyota inaifanya mashine iulize neno la siri, na unapoliandika hutaona herufi yoyote, usishtuke. Kisha net localgroup Administrateurs itakuonyesha wenye mamlaka yote. Maelekezo mengi ya intaneti huliandika jina la kundi hili kwa Kiingereza, na ukilinakili hivyo, Windows yako itajibu kwamba kundi halipo.

Sasa folda. Haki usimpe mtu mmoja mmoja, lipe kundi, kwani karani akibadilika utagusa kundi tu, folda utaiacha ilivyo. Unda kundi kwa net localgroup ofisi /add, uingize watu kwa net localgroup ofisi karani /add, na vivyo hivyo akaunti yako; mwanafunzi abaki nje. Katika « Propriétés » za folda, kwenye « Sécurité », lipe kundi la ofisi haki ya « Modification ».

Wengi huishia hapo, na folda inabaki wazi. Folda iliyoundwa moja kwa moja kwenye diski C hurithi haki zinazomruhusu kila mwenye akaunti kuibadilisha. Kwa hiyo bonyeza « Avancé », ukate urithi huo kwa « Désactiver l'héritage », ukubali haki zilizopo zibaki kama za folda yenyewe, halafu uondoe « Utilisateurs » na « Utilisateurs authentifiés », yaani makundi ya watumiaji wote wa mashine. Kundi la Administrateurs usiliguse, la sivyo unaweza kujifungia nje.

Karani akijaribu papo hapo akakataliwa, mwambie afunge kikao chake na kuingia upya, kwa sababu uanachama wa kundi husomwa wakati wa kuingia.