Baridi yabisi, jeni za kinga na pacha wangu

Dada uliyeuliza kama uwapeleke binti zako wakapimwe jeni, kwa kuwa mama yako ana baridi yabisi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo) na sasa vidole vyako navyo vimeanza kuvimba, nakujibu nikiwa nimeugua ugonjwa huo kwa miaka 11 hapa Nairobi, mwenye pacha wa kufanana asiyeugua.

Tulitoka katika yai moja, kwa hiyo jeni zetu ni zile zile. Tulilelewa chumba kimoja Kariobangi, na baridi ya Julai ilitupiga sote. Hata hivyo, nilipofika miaka 33 nilianza kuamka viungo vikiwa vimekakamaa, nikawa siwezi kumfunga mtoto vifungo vya sare, ilhali mwenzangu hadi leo anasuka nywele kutwa nzima Kenyatta Market bila maumivu. Daktari wangu alinieleza kwamba hilo ni jambo la kawaida: katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1993, ni takriban asilimia 15 tu ya pacha wa kufanana wa wagonjwa waliokuwa na ugonjwa huo pia.

Jeni inayohusika zaidi ni HLA-DRB1, iliyo katika kromosomu ya 6. Hiyo hutengeneza protini inayokaa juu ya seli za kinga na kushika vipande vya protini nyingine, mithili ya sinia, ili seli T, yaani askari wa kinga, zivikague na kuamua kama ni vya mwilini au ni vya adui. Mwaka 1987 Peter Gregersen, Jack Silver na Robert Winchester walionyesha kwamba aina mbalimbali za jeni hiyo zinazohusishwa na baridi yabisi zina sehemu fupi inayofanana, kwenye asidi amino (vipande vidogo vinavyojenga protini) za 70 hadi 74. Sinia za aina hiyo hushika vyema protini ambazo ajinini yake, mojawapo ya asidi amino hizo, imegeuzwa kuwa nyingine iitwayo sitrulini, na hapo kinga huweza kuanza kuushambulia mwili wenyewe kwa kingamwili zinazopimwa kwa kipimo cha anti-CCP. Kingamwili hizo huweza kuwamo damuni miaka kadhaa kabla ya kiungo chochote kuvimba, na mwenye jeni hiyo akivuta sigara hatari yake huongezeka maradufu na zaidi.

Hapo ndipo ninapokusihi uzuie pesa zako. Maabara moja ya hapa mjini ilinishawishi nimpime binti yangu, jibu likaja kwamba anayo aina hiyo, nami nikakosa usingizi miezi miwili kabla ya kuambiwa kwamba watu wengi wenye afya wanayo na hawaugui kamwe, na kwamba hakuna dawa anayopewa mtu kwa sababu ya jeni peke yake. Isitoshe, sehemu kubwa ya utafiti huu ilifanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Badiliko la jeni nyingine ya kinga, PTPN22, lililohusishwa na ugonjwa huu mwaka 2004 na ambalo lina uzito kwao, ni adimu sana kwa watu wenye asili ya Afrika, kwa hiyo kipimo kilichojengwa juu ya matokeo yao hakiwezi kutusomea sisi vilevile.

Mwenye kuhitaji kupimwa ni wewe, dada yangu. Mwone daktari bingwa wa magonjwa ya viungo mwezi huu, upimwe anti-CCP na dalili za uvimbe katika damu. Mimi jina la ugonjwa lilinidanganya: nilidhani ni baridi, nikavaa glavu na kujipaka dawa ya kuchua kwa miaka miwili, na nilipoanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshapinda na havijanyooka tena. Binti zako waeleze tu wasivute sigara, na wakiamka na viungo vilivyovimba na kukakamaa kwa zaidi ya nusu saa, siku baada ya siku, wasingoje kama nilivyongoja mimi.