Kwa nini Spider-Man anamgusa hata mtu mzima

Kaka, umeuliza mtu mzima anaona nini kwa mashujaa wa katuni. Nakujibu kwa Spider-Man peke yake, maana ndiye ninayempenda kwa dhati.

Alitokea 1962, kazi ya Stan Lee na Steve Ditko. Zamani zile kijana kwenye hadithi hizi kwa kawaida alikuwa msaidizi wa shujaa mkubwa. Huyu akawa shujaa mwenyewe: mwanafunzi wa sekondari huko Queens, New York, yatima anayelelewa na Ben, kaka wa baba yake, na mkewe May.

Alipopata nguvu alikimbilia pesa na sifa. Mwizi akampita mbele ya macho, akamwacha aende zake, akiona hayamhusu. Baadaye mwizi yuleyule akamuua Ben. Hapo ndipo kisa kinaponishika koo kila mara, kwa sababu anaweza kupanda kuta na kunyanyua magari, lakini Ben harudi. Wengi wetu tuna jambo tulilolipuuza tukaja kulijutia, na yeye analibeba kila anapovaa vazi lake.

Na shida ndogondogo hazimwachi. May anaugua, pesa hazitoshi, naye anauza picha kwa gazeti lilelile linalomchafulia jina. Halafu kinyago chake kinafunika uso wote, hata rangi ya ngozi haionekani. Mtoto wa popote, awe Queens au Temeke, anaweza kujiona ndani yake.